Njia tulivu za baiskeli mabonde ya nyuma ya Mombasa: Kombeni, Sabaki na Kinango

Pedali_Mvita

Assalam alaikum, na hamjambo nyote. Waendesha baiskeli wengi wa kisiwani twaenda njia moja tu: Nyali, Bamburi, Mtwapa, kisha kurudi. Barabara ile sasa ina magari mengi, vumbi la ujenzi, na matatu zinazokukata mbele bila taarifa. Twatafuta njia za mabondeni, penye mto, minazi na mashamba, na gari linapita moja moja.

Tuko watu sita, baiskeli za lami, tairi za upana wa milimita 28 hadi 32, safari ya siku moja. Kubeba baiskeli kwa gari kipande cha kwanza si tatizo. Naomba mtupe mambo ya kutumika: pa kuanzia, saa ya kuondoka, lami ikoje, kinachoharibika njiani, maji yapatikana wapi.

BintiRabai

Wa alaikum salaam, kaka Pedali. Anzeni na bonde la Kombeni. Ndilo lililo karibu, na ndilo watu wa mjini hulisahau kwa sababu fikira zao zote ziko baharini.

Kwanza mjue mito ya nyuma yetu imekaaje. Ni mito mifupi. Kombeni na Tsalu humwaga maji hori ya Tudor. Mwache na Pemba humwaga hori ya Port Reitz. Sehemu kubwa ya mwaka huwa na maji machache, mahali pengine mchanga mtupu, lakini mabonde yenyewe yamechimbika na mteremko wake ni mkali. Kwa hiyo msitarajie barabara tambarare inayoandamana na mto kutoka mwanzo hadi mwisho. Barabara inapita juu ya migongo ya vilima, inashuka bondeni, inavuka kijito, inapanda tena.

Njia ni Mazeras, Rabai, halafu Kaloleni. Ni lami, kilomita 20 na ushei kwa upande mmoja. Mazeras iko mita 160 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mkianzia hapo mmeshakwepa mwinuko mkubwa wa kwanza. Rabai mnaifikia upesi. Baada ya hapo mabonde yanafunguka upande wa kulia, ndiyo maeneo ya Ribe na Kambe, minazi na mikorosho hadi jicho linapokomea. Kaloleni ni mji kamili, una maduka, hoteli za chai, na mafundi wa baiskeli.

Rabai ndipo mmisionari Krapf alipofungua misheni mwaka 1846, na jumba la makumbusho liko papo hapo. Ni mahali pazuri pa kupumzika wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda msisimame, maana ubaridi wa asubuhi hauna badala.

Jambo moja la adabu. Misitu minene mtakayoiona juu ya vilima ni kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, nayo iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Haiingiwi bila idhini ya wazee, na kijinjia kinachoingia msituni si njia ya mkato. Mkitaka kuzuru, ulizeni Rabai, mpewe mtu wa kuwaongoza, na baiskeli zibaki nje.

MzeeWaKusi

Binti kasema kweli, ila hajagusa shida yenyewe, nayo ni kutoka Mombasa hadi Mazeras. Kipande kile cha barabara kuu ya Nairobi, Changamwe, Mikindani, Jomvu, Miritini hadi kupanda Mazeras, kina matrela ya bandarini usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Bandari hailali. Pembeni mwa lami kuna mahali palipomeguka, na ujenzi wa kupanua barabara unahamahama, leo uko huku, wiki ijayo kule. Kilomita 20 za namna hiyo huwezi kuzifidia kwa uzuri wa Rabai. Bebeni baiskeli kwa gari hadi Mazeras, na mshukie ndani ya njia ya Rabai, si kwenye stendi ya barabara kuu.

Saa: muwe mmeshapanda baiskeli saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo mwangaza unawakuta mko njiani. Kufika saa mbili u nusu, mwe Kaloleni mnakunywa chai. Saa nne muwe mmerudi Mazeras au mmekaribia. Baada ya saa nne jua ni adui, na bodaboda na tuktuk zimeshajaa.

Upepo nao uwekwe hesabuni. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, ukitokea kusini-mashariki. Kaskazi ni Novemba hadi Machi. Lakini juu ya pepo hizo mbili kuna upepo wa mchana utokao baharini, ambao huanza kuamka saa tatu hadi saa nne na hukua kadiri bara linavyopata joto. Ukienda bara asubuhi hewa imetulia, huhisi chochote. Ukirudi mchana unakukabili usoni. Watu wengi huchoka kilomita za mwisho na kudhani ni miguu, kumbe ni saa waliyoondoka.

Spoki36

Shikamoo Mzee. Swali kwa wote: baiskeli yangu ina gia ndogo ya mbele meno 39, na ya nyuma kubwa kabisa meno 25. Mtwapa naenda bila shida. Vilima vya Rabai nitavipanda?

FundiKibokoni

Spoki36, utapanda, ila magoti yatalipa. Tuipige hesabu. Gurudumu la 700 lenye tairi ya 28 huzunguka mita 2.13 hivi kwa mzunguko mmoja. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, kila ukizungusha pedali mara moja unakwenda mita 3.3. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, mwendo ni kilomita 12 kwa saa. Kwenye kilima kikali huwezi kuushika mwendo huo, kwa hiyo pedali zinashuka hadi 40 kwa dakika na unasukuma kwa uzito wa mwili. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, zilezile 60 kwa dakika zinakupa kilomita 8 na kidogo. Hapo unapanda huku unazungumza.

Usinunue friwili kubwa, yaani lile fungu la gia za nyuma, kabla ya kuangalia mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Mikono mifupi ya zamani mara nyingi mwisho wake ni meno 28. Ukilazimisha 32, kigurudumu cha juu cha mkono hugusa meno, cheni inalia, na siku moja mkono huingia ndani ya spoki. Hapo unapoteza mkono, spoki, na pengine kiungo cha fremu unapofungwa. Badilisha mkono na friwili kwa pamoja.

Cheni nayo huwa fupi. Ipime hivi: izungushe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono, ivute ikutane, halafu ongeza pingili mbili. Ikiwa fupi kuliko hapo, siku utakayojisahau ukatia kubwa kwa kubwa, kitu kitakatika.

Breki. Miteremko ya huko ni mifupi lakini inafuatana, na chini ya kila mmoja kuna kona au kijito. Angalia raba za breki ya rimu: mifereji yake ikiwa imekwisha, badilisha. Ondoa kwa sindano vipande vya mchanga na bati vilivyojichimbia ndani ya raba, maana hivyo ndivyo vinavyokwaruza rimu. Kwenye kuteremka usishike breki mfululizo. Kamata kwa nguvu sekunde mbili, achia, kamata tena, ukitumia ya mbele zaidi kwenye lami kavu na ukiilegeza kwenye mchanga.

Na mchanga ndio hatari ya barabara ile. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa mashambani hushuka na kulala juu ya lami mahali pa chini kabisa pa bonde, pale ambapo wewe uko kasi kuliko popote. Ukikauka huwa tabaka jembamba la rangi ileile ya vumbi la kando, na jicho halilioni upesi. Dalili yake ni kwamba mistari ya lami inapotea na kingo za barabara zinaonekana kama zimefutwa. Ukiona hivyo punguza mwendo kabla ya kufika, nyoosha usukani, acha breki zote, pedali zisimame sawasawa, pita moja kwa moja. Anayeanguka pale karibu kila mara ni yule aliyegusa breki ya mbele akiwa amekwisha kuingia mchangani.

Pedali_Mvita

Fundi, Mungu akuzidishie. Na tairi? Pumzi kiasi gani? Wenzangu wanajaza 110 kila siku.

FundiKibokoni

110 ni ya tairi za 23 za zamani. Kwa mtu wa kilo 70:

Tairi ya 28 kwenye lami, mbele PSI 70, nyuma 75 hadi 80. Tairi ya 32 kwenye lami, mbele 55, nyuma 60. Ya 32 mkiingia murramu, shusheni hadi 45 mbele na 50 nyuma. Mtu mzito aongeze tano, mwepesi apunguze tano. Chini ya hapo, ukigonga jiwe rimu hubana tyubu na kutoboa matundu mawili sambamba. Ukiyaona mawili ya aina hiyo, usihangaike kutafuta mwiba. Tatizo ni pumzi kidogo.

Sasa tyubu. Maduka ya Rabai, Kaloleni, hata Malindi vijijini, yamejaa tyubu za baiskeli za mizigo, zile za 28 kwa moja na nusu, na za inchi 26. Tyubu ya 700 yenye valvu nyembamba hutaiona. Na hata ukipewa tyubu ya valvu nene haitakusaidia, kwani tundu la rimu ya valvu nyembamba ni milimita 6.5 na la valvu nene ni 8.5. Haipiti, na kulitanua tundu kwa kuchimba rimu njiani ni kuiharibu. Kila mtu abebe tyubu mbili zake mwenyewe, na viraka. Bebeni pia kile kichwa kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba iingie pampu ya kawaida. Kina uzito wa sarafu, na ndicho kinachokuwezesha kutumia pampu ya fundi yeyote wa kijijini.

Kuziba ni kazi ya dakika kumi kama hukurupuki. Toa tairi upande mmoja tu. Kabla ya kuvuta tyubu, kumbuka imekaaje, ili tundu ukilipata ujue liko mahali gani pa tairi. Jaza pumzi, sikiliza, pitisha karibu na mdomo, huko ngozi huhisi upesi. Kwaruza kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka. Paka sulusheni nyembamba, halafu ngoja dakika tano hadi iache kung'aa. Hapa ndipo watu hukosea, hubandika ikiwa bado mbichi, na kwa unyevu wa pwani yetu haishiki. Bandika, bonyeza kwa nguvu kuanzia katikati.

Kisha, kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kidole ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima, kwenda na kurudi. Mwiba wa mgunga hukatika ukabaki ndani ya mpira, ncha yake ni kama ya sindano na kwa nje huoni chochote ila nukta nyeusi. Kwa kidole utaukuta unakwaruza upande mmoja tu, yaani ukienda hivi haupo, ukirudi upo. Usukume kutoka ndani kwenda nje kwa ncha ya spoki au kisu. Ukiuacha, tyubu mpya itakufa baada ya kilomita mbili.

KifaruWaLami

Naongeza njia ya kufanya mzunguko badala ya kurudi ulikotoka: kutoka Kaloleni endeleeni hadi Mavueni, kilomita 30 na kitu, mtokee karibu na daraja la Kilifi. Mandhari ya Chonyi yanapendeza, lami nzuri, na kwa jumla mnateremka kwenda baharini.

MzeeWaKusi

Kifaru, njia naikubali, mwelekeo siukubali. Kwanza, malori mengi yanayotoka barabara ya Nairobi kwenda Kilifi na Malindi hukwepa mji kwa kupita Mariakani, Kaloleni, Mavueni. Kwa hiyo kutoka Kaloleni kwenda mashariki si kimya kama Mazeras hadi Kaloleni. Pili, wakitoka Kaloleni saa tatu watakuwa wanaelekea baharini saa ileile upepo unapoamka. Tatu, wakifika Mavueni wamebakiwa na kilomita 50 za barabara ya Malindi kurudi Mombasa, ambayo ndiyo wanaikimbia.

KifaruWaLami

La tatu umenishinda. Basi waligeuze: gari liwapeleke Mavueni, waondoke alfajiri kuelekea Kaloleni jua likiwa mgongoni, kisha Rabai, gari liwapokee Mazeras. Kilomita 55 hadi 60. Kupanda kunakuwa kwingi zaidi, lakini ni asubuhi miguu mizima. Na malori ya alfajiri ya Jumapili ni machache kuliko siku za kazi.

MzeeWaKusi

Hapo tumekubaliana. Ila hiyo iwe safari yao ya pili. Ya kwanza iwe Mazeras, Kaloleni, Mazeras.

BintiRabai

Mkienda kwa mwelekeo huo jueni kwamba alfajiri dereva anayekuja mbele yenu ana jua usoni, ndiye anayepofuka. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana, na ya mbele nyeupe iwake hadi saa moja. Kaeni mstari mmoja kila mnapopanda kilele, kwa sababu gari linalokuja upande wa pili haliwaoni hadi liko juu. Bondeni mnaweza kwenda wawili wawili mkazungumza.

SabakiKwaSabaki

Nimesoma yote na hakuna aliyetaja mto wenyewe mkubwa. Mkitaka bonde hasa, tambarare, pana, lenye mto unaotiririka mwaka mzima, nendeni Malindi mkashike barabara ya Sala. Huu ndio mto unaoanza kama Athi huko juu karibu na Nairobi, unakutana na mto Tsavo ukaitwa Galana, na huku chini twauita Sabaki. Barabara inatoka Malindi kwenda magharibi upande wa kusini wa mto, kupitia Kakuyuni na Langobaya, hadi lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Zamani ilikuwa vumbi. Sasa kuna lami safi, pana, na ukishapita Kakuyuni magari hupungua sana.

Msiifanye kwa kilomita, ifanyeni kwa saa. Ondokeni Malindi saa kumi na mbili kasorobo, nendeni hadi saa tatu kamili, geukeni popote mlipo. Kwa mwendo wenu hiyo ni zaidi ya kilomita 60 kwenda. Mkiona ni nyingi geukeni Langobaya. Kurudi mtakuwa na upepo usoni, kwa hiyo hesabuni robo zaidi ya muda mliotumia kwenda, na mgawane kazi ya mbele: kila mtu dakika tatu akikata upepo, halafu anatoka upande ambao upepo unatokea, wengine wanampita.

Msifike lango la Sala kwa baiskeli. Karibu na huko wanyama wa mbugani hutoka nje, na hakuna kivuli wala duka.

Mto wenyewe hauonekani muda wote kutoka barabarani. Unauona mahali barabara inapopanda, maji ya rangi ya udongo kati ya kijani kibichi. Baricho, ambako kuna mitambo ya maji yanayokunywewa Malindi, Kilifi hadi Mombasa, ndiko uko karibu zaidi. Msishuke ukingoni kunawa wala kujaza chupa. Sabaki una mamba na viboko, na maji yale ya matope huwezi kuona kilicho umbali wa mkono. Piga picha kutoka juu.

Na mvua ya Sabaki si mvua ya Malindi. Ikinyesha sana Ukambani na Nairobi, mto hujaa siku kadhaa baadaye huku Malindi jua linawaka. Njia ndogo zinazoshuka mtoni huzama wakati huo. Lami kuu huwa juu na salama.

Jambo la mwisho ni miiba. Upande wa Langobaya ni nchi ya migunga, na mbuzi wakivuka barabara huacha vitawi juu ya lami. Kwa njia hii tieni ndani ya kila tyubu mililita 60 za ile dawa ya maji ya kuziba matundu. Valvu iwe ya aina ambayo moyo wake hufunguka, ndiyo dawa ipite. Na msisimame kwenye kivuli cha mgunga. Simameni kwenye mwembe au mkwaju.

Spoki36

Sabaki, upande wa kaskazini wa mto je? Marafa?

SabakiKwaSabaki

Vuka daraja la Sabaki, kaskazini ya Malindi, kisha ingia bara kupitia Marikebuni hadi Marafa kwenye lile korongo la udongo mwekundu liitwalo Nyari. Ni pazuri mno, lakini kwa tairi ya 28 usiende. Kuna mahali mchanga mwekundu ni laini, gurudumu la mbele linazama na kupinda. Tairi za 40 kwa PSI 35 zitapita. Twendeni kwenye lami kwanza.

Dada_wa_Mteza

Upande wa kusini msiusahau. Barabara mpya ya Dongo Kundu inavuka Mwache na Mteza juu ya mikoko, na daraja la Mteza peke yake ni kilomita 1.4. Siyo njia ya utulivu kamili, magari yanakwenda kasi, lakini Jumapili alfajiri ni pana na inakutoa Miritini hadi Kibundani bila kungoja feri ya Likoni. Kwenye madaraja shikeni usukani kwa mikono miwili, kwani upepo wa ubavuni hupiga ghafla mkishatoka kwenye kingo za udongo.

Kutoka hapo mnafika Kombani, mnapanda hadi mji wa Kwale, ulio karibu mita 400 juu ya bahari. Huu ndio mlima wa kweli wa karibu yetu, na hewa ya juu ni nyingine kabisa. Kutoka Kwale lami inashuka kwenda Kinango, bonde la mto Pemba, nchi kavu, magari machache mno.

Lakini barabara hiyo inapita kati ya hifadhi ya Shimba Hills na ile ya ndovu ya Mwaluganje, na ndovu huvuka. Kwa hiyo njia hii ni kinyume cha nyingine zote: msiipite alfajiri wala jioni. Kipande cha Kwale kwenda Kinango kianzeni saa mbili asubuhi na mkimalize kabla ya saa tisa. Mavi mabichi na matawi yaliyovunjwa barabarani ni dalili kwamba wako karibu. Mkiwaona, simameni mbali, mita mia au zaidi, msipige kengele wala kelele, geuzeni baiskeli kwa utulivu zikiwa zinaelekea mlikotoka, na ngojeni gari lije mpite nyuma yake. Jike mwenye mtoto akiwa upande mmoja na kundi upande wa pili, hakuna kupita hata nafasi ionekane kubwa vipi.

Pedali_Mvita

Shukrani dada. Kwa sasa twaanza na Mazeras, Kaloleni. Mambo mawili yamebaki: maji, na kufunga baiskeli kwenye gari.

BintiRabai

Maji: kila mtu aondoke na chupa mbili za mililita 750. Kwa joto letu hesabu ni robo tatu ya lita kwa saa, Februari na Machi lita nzima. Maji matupu peke yake hayatoshi kwa anayetoka jasho jingi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na ndimu ya kukamulia. Msizidishe chumvi. Kaloleni jazeni tena, na madafu yako kando ya barabara. Chakula ni mahamri na mbaazi au mihogo kabla ya kurudi, kidogo, si sahani mbili. Beba ndizi na tende mfukoni.

Wakati mzuri kabisa wa bonde letu ni Julai hadi Septemba: mvua ya masika imekwisha, mashamba bado ya kijani, na kusi inapoza hewa. Aprili na Mei kaeni mbali na njia za kando. Vijito vinavyovukwa kwa madaraja ya chini ya saruji hujaa ndani ya saa moja, na saruji hiyo huwa na ukungu wa kijani unaoteleza hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Maji yakitembea juu ya daraja na huoni saruji chini yake, hamvuki. Ngojeni, au rudini.

FundiKibokoni

Kufunga kwenye gari. Kwenye keria ya matatu baiskeli ilale upande wa mkono wa gia ukiwa juu, usibebe uzito. Weka gunia au kadibodi chini. Funga kwa mpira wa tyubu kuukuu kwenye fremu na kwenye kiti, kamwe si juu ya waya za breki wala kwenye spoki. Gurudumu la mbele likitolewa, uma uwekewe kitu katikati usibanwe. Wenye breki za diski watie kadibodi iliyokunjwa mahali diski inapokaa, kwa sababu mtu akibonyeza breki bila diski, pedi hukutana na hazirudi, na utaanza safari yako Mazeras kwa kuzitanua na bisibisi.

Mkirudi, hata kama hamkugusa pwani, kisiwa chenyewe kina chumvi hewani. Futeni cheni kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo, tieni tone moja la oili kwa kila pingili upande wa ndani, zungusheni pedali dakika moja, halafu futeni tena hadi nje pakauke. Oili inayobaki nje hukusanya vumbi jekundu ikageuka msasa. Pimeni kwa rula: pingili 24 zikamilike inchi 12. Zikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, badilisheni cheni mapema, kabla haijala meno ya friwili.

Spoki36

Fundi, mkono wa gia wangu nimeuangalia, umeandikwa mwisho meno 28. Nikitia friwili ya 28 na kuacha 39 mbele?

FundiKibokoni

39 kwa 28 inakupa mita 2.97 kwa mzunguko, kilomita 10.7 kwa saa ukizungusha mara 60. Ni nafuu kuliko 25, na hununui mkono mpya. Kwa Mazeras hadi Kaloleni itakutosha. Kwa mlima wa Kwale utahitaji 34 mbele, na kabla ya kuinunua angalia misumari ya chenwili yako, yaani gia ya mbele, duara linalopita katikati ya misumari yote lina kipenyo cha milimita ngapi: penye 130 meno ya chini kabisa ni 38, penye 110 meno 34 inaingia.